Santuri Isiyotumwa kwa Posta

Walisema sitaweza kuishi Voi tena baada ya Ulaya. Walisema chumba cha santuri katika mji wa malori na vumbi kitafungwa kabla mvua za vuli hazijaanguka. Aliyelisema waziwazi zaidi ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, anayeuza mabati na vioo vya madirisha karibu na soko. Tulikuwa tumekaa dukani kwake, juu ya mifuko ya saruji, tukinywa chai.

"Shemeji, hapa watu wananunua mabati, saruji na dawa ya kupe. Santuri utamuuzia nani? Ndovu wa mlima Ndara?"

"Nitawauzia watu wa mbali."

"Watu wa mbali wananunua kwa simu. Bonyeza hapa, mzigo umefika."

"Hii yangu hawataipata kwa simu. Sitaituma kwa posta. Anayeitaka atakuja Voi mwenyewe."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Yaani mtu atoke Ulaya, apande ndege, apande treni, ashuke hapa kwa hili joto, kwa sababu ya wimbo?"

"Wimbo mmoja tu."

"Afadhali ungesema wawili."

Wamekuja. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike. Wamekuja kutoka Nairobi, kutoka Japani, kutoka miji ambayo shemeji hawezi kuitamka, na sasa yeye ndiye anayewaelekeza mlangoni kwangu, kwa sauti ya mtu aliyelijua jambo hili tangu mwanzo. Simlaumu. Hakuwa na diploma ya elektroniki, wala hakuwa ameona nilichokiona mimi.

Diploma yangu niliipata Mombasa kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyempigia mtu simu. Ndiyo iliyonifikisha Hamburg, nikawa fundi wa sauti katika ukumbi wa michezo ya kuigiza. Kazi ile niliifanya vizuri kuliko wenyeji, na wenyeji walikiri. Mwigizaji akikohoa nyuma ya pazia, nilijua ni nani. Mungu ameniumbia masikio, na mimi nikayasomesha.

Jumamosi nilikuwa nikienda kwenye duka la santuri kuukuu chini ya daraja la reli. Mwenye duka alikuwa mzee Mjerumani, mwembamba, mpole, aliyeongea taratibu kama mtu anayeteremsha sindano kwenye santuri. Treni zikipita juu, majalada yote yalitetemeka kwenye rafu, halafu yakatulia. Nyuma ya meza yake palikuwa na kabati la kioo, na humo ziliwekwa santuri ambazo mteja hazigusi bila ruhusa. Siku moja ya theluji niliona ndani ya kabati lile jalada ninalolijua: msichana wa gauni la kijani, ameegemea gari, nyuma yake ua wa maua mekundu. Nyumbani kwetu Wusi, kwenye milima ya Taita, jalada hilo lilifunika sufuria ya maziwa utoto wangu wote. Nilisimama pale nikiwa na koti zito, na kwa muda nikasikia harufu ya maziwa yanayochemka.

Nilimuuliza mzee kwa nini kitu cha jikoni kwetu kimefungiwa kwenye kioo.

Akanieleza. Albamu ile ilitolewa katika nchi nyingi, na dunia nzima inaijua. Lakini toleo la Afrika Mashariki lilichapwa Nairobi, likapewa jalada lake na wimbo mmoja ambao haupo kwenye toleo jingine lolote. Halikuuzwa nje. Alikuwa na wateja wenye albamu hiyo hiyo kutoka Japani, kutoka Brazili, kutoka Ureno, na wote walikuwa wanaota hii ya kwetu.

"Lakini nyimbo si ni zile zile?" nikasema.

"Ni zile zile," akajibu. "Na si zile zile."

Siku hiyo niliona kama wana wazimu. Nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani kando ya mto, theluji ikianguka bila sauti, ndipo lilipoanza kuniingia. Kwetu lugha ya Kidawida ni moja, lakini mtu wa Mbololo hasemi kama mtu wa Mwanda, na wa Kasigau akifungua kinywa, wa Wusi anatabasamu kabla ya kuitikia. Kila kilima kimeitoa lugha hiyo hiyo upya. Bibi zetu walisikia neno moja tu wakajua mtu ametoka upande gani, na kwa hilo wakampenda au wakamcheka. Mkusanyaji wa santuri anafanya kazi ya bibi. Kitu anachokipenda ameshakisikia kwao. Sasa anataka kujua kilisikikaje mahali ambapo yeye hakuwapo. Anaishika santuri iliyochapwa mbali, anaona herufi zimepangwa vingine, karatasi ni nyembamba zaidi, wimbo mmoja umeongezwa kwa ajili ya watu asiowajua, na anaota kwamba kuna chumba fulani, mahali fulani, ambamo wimbo huo ulikuwa wa kawaida.

Mimi nilikuwa nimezaliwa ndani ya chumba hicho.

Nilipokuwa mdogo palikuwa na bendi ya vijana wa milimani kwetu. Walienda Nairobi, wakarekodi santuri ndogo ndogo, kisha kazi na ndoa na vifo vikawatawanya. Kanda za studio zilipotea. Nilimwambia yule mzee wa Hamburg kwamba nitarudi nyumbani, nitazitafuta santuri hizo nyumba kwa nyumba, nitazisafisha sauti, naye atatoa albamu kwa dunia. Lakini patakuwa na toleo la Taita Taveta, lenye wimbo mmoja zaidi, na toleo hilo litauzwa Voi peke yake.

Alilifunga kabati lake la kioo. Treni ikapita. Kisha akasema, "Miaka yote nimewafanyia wateja wangu hivyo. Sasa unanifanyia mimi." Akakubali.

Basi nilirudi. Nilikodi chumba, nikapaka kuta rangi, nikafunga spika nilizozijenga kwa mikono yangu, spika ambazo hakuna mwingine aliye nazo kutoka Mombasa hadi Taveta. Halafu nikaanza kuzunguka.

Hakuna aliyeniuzia santuri hata moja. Niliambiwa kwa upole, mlango baada ya mlango, kwamba sauti ya ndugu haiuzwi. Lakini wote waliniazima. Kule Bomeni, Taveta, mfanyabiashara mmoja wa ndizi, mtu wa makamo mwenye Kiswahili cha pwani kilichonyooka, alifungua sanduku la marehemu mamake na kutoa santuri tatu zilizolala kati ya kanga.

"Hizi ni amana," akasema. "Na amana, ndugu yangu, haina ahsante. Ina kurudi tu."

Santuri za Bomeni zilinukia udi. Za Mwatate zilikuwa na vumbi la mkonge. Na za milimani, Mungu wangu, zilinukia moshi, kwa sababu ya kosa ambalo ni watu wetu tu wangeweza kulifanya. Kwetu kitu cha thamani huwekwa darini, juu ya mafiga. Mahindi ya mbegu yanakaa huko, moshi unayafukuzia dumuzi, na msimu ukifika yako salama. Watu walizipenda santuri zao. Kwa hiyo walizitunza kama mbegu. Waliziweka juu ya moto.

Nilizikuta zimejikunja kama chapati zilizosahauliwa juani. Nyingine zilikuwa na mawimbi ukingoni, nyingine zimekuwa bakuli kabisa. Kwa bahati, santuri nyingi zilikuwa na nakala zaidi ya moja, na nikipata mbovu kwa huyu, nilipata nzima kwa yule. Isipokuwa moja.

Mwimbaji mkuu wa bendi ile alikuwa ameoa Wusi. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote aliurekodi mara mbili. Ule wa Kiswahili ulipigwa redioni, na mpaka leo watoto wanaujua. Ule wa Kidawida ulichapwa nakala chache tu kwa ajili ya milimani, na vijana wenyewe waliupandisha huku kwenye begi. Huo ndio niliokuwa nimemwahidi mzee wa Hamburg. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mjane wa mwimbaji.

Nilifika asubuhi, ukungu umekaa kwenye migomba hata kuku walikuwa wanasikika bila kuonekana. Mama mwenyewe alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni.

"Kwawuka, mama."

Aliitikia, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ndiye yule aliyekwenda majuu akarudi na maredio?"

"Ndiye mimi, mama. Nina diploma ya elektroniki."

"Hiyo diploma inajua kunyoosha?"

Sikuelewa mpaka alipoingia jikoni, akapanda kigoda, akanyoosha mkono darini na kushuka na santuri. Jalada lilikuwa jeusi kwa masizi. Ndani yake santuri ilikuwa imepinda vibaya kuliko zote nilizoziona. Ungeweza kuiwekea maji ya kunawa. Aliipangusa kwa ncha ya leso.

"Pleya yetu ilikufa kabla mwenyewe hajafa," akasema. "Ubeti wa mwisho umenitoka. Naanza vizuri, nafika pale penye mvua, unakatika. Wajukuu wananiimbia ule wa redioni, wanadhani ndio huo. Ule aliwaimbia watu wote. Huu aliniimbia mimi."

"Nitakurudishia ubeti, mama."

"Na ikivunjika?"

"Haitavunjika. Kazi hii naijua."

"Nimekuuliza ikivunjika."

Mimi, mtu aliyeongea na maprofesa wa sauti Ulaya, nilijikuta naangalia maharagwe. "Ikivunjika, ubeti umekwenda. Sijaona nyingine popote."

"Sasa umesema kama mtu. Chukua." Kisha, nikiwa tayari nimeinuka, akaongeza: "Na mimi sikupi kwa mkono wa kushoto. Unajua kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu."

Nilishuka na santuri ile mapajani, nikimwambia dereva kwenye kila kona apunguze mwendo.

Mzee wa Hamburg alipopata picha za santuri ile nilizomtumia alipiga simu siku hiyo hiyo. Nimtumie, akasema, kule kuna mashine za kunyoosha, za joto linalopimwa. Au amnunulie mama yule kwa bei yoyote atakayotaja. Nilimwambia haiuzwi na haisafiri, imeazimwa. Akaniuliza nitainyoosha kwa kitu gani. Nikamwambia kwa jua la Voi.

Hakucheka. Shemeji ndiye aliyecheka. Alinikatia vioo viwili vinene, akavisugua makali kwa jiwe, akanikabidhi.

"Ikivunjika nipigie kwanza mimi," akasema. "Nitatangulia Wusi nikakuombee msamaha. Mimi wazee wananipenda."

Nilijaribu kwanza kwa santuri zangu mbovu, za muziki nisioupenda. Ya kwanza iliyeyuka mifereji yake ikawa laini kama sahani. Ya pili ilipasuka kwa sababu niliifinya ikiwa baridi. Mwisho nilizijua tabia za joto, na hili nasema bila kujificha, sidhani kama kuna mtu mwingine nchini aliyejua jua la mji wake kwa kiwango kile. Nilijua saa ambayo bati linauma kidole na saa ambayo linaonya tu. Nilijua kivuli cha mwarobaini kinapofika ukutani, joto limekuwa la kulaza santuri bila kuichoma.

Kisha nikaitoa ya mama. Niliiosha kwa maji ya betri yasiyo na chumvi na tone la sabuni, maji yakatoka rangi ya chai. Niliilaza juu ya kioo, nikaifunika kwa kioo cha pili, bila uzito wowote, nikaisogeza uani.

Nilikaa kando yake kwenye kiti. Mchana wa Voi ukiwa umefika kati, mji wote husinzia macho wazi. Mbuzi walisimama kwenye mstari mwembamba wa kivuli kando ya ukuta. Treni ya Mombasa ilipita juu ya tuta lake, ndefu, haina sauti kwa sababu ya umbali, kama kitu kinachopita ndani ya maji. Juu ya mabati hewa ilitetemeka, na ndani ya mtetemo huo mlima Ndara ulikuwa ukiinuka na kushuka kana kwamba unapumua. Nilitazama santuri. Ilikuwa inashuka. Huwezi kuiona ikishuka, ni kama ng'ombe anavyolala, unageuza macho tu, ukirudi, goti moja liko chini. Nyuma ya kioo mifereji ilimeta kama barabara yenye unyevu, na nikawaza kwamba ndani ya mojawapo ya mistari ile, mwanamume mmoja yuko anaimba polepole mno kiasi kwamba hakuna sikio linaloweza kumsikia, na mimi ndiye ninayemngoja.

Kioo cha juu kilipogusa kila upande, nilivibeba vyote pamoja kivulini, nikavifunika kwa blanketi ili joto litoke kwa hiari yake. Sikuigusa tena siku hiyo.

Kesho yake nilifunga mlango, nikateremsha sindano.

Mwanzoni ilikuwa ni mchakacho tu, mnene, wa chini, kama mvua iliyo kilima cha pili. Halafu gitaa. Halafu yeye. Sauti ilikuwa ya kijana, nyembamba, imekaribia sana, na Kidawida chake kilikuwa cha Wusi mtupu. Beti zilipita moja moja. Pale penye mvua nilishika kiti. Sindano ilipanda kidogo, ikashuka, haikuruka. Ubeti wa mwisho ulikuja. Haukuwa na maneno makubwa. Mtu anamwambia mkewe asimngojee, alale, mvua imeziba njia, atafika asubuhi.

Albamu ilichapwa huko Ujerumani. Nakala za dunia zilibaki huko. Za kwetu, zenye wimbo ule, zilikuja Voi kwa maboksi. Na wiki hiyo hiyo, kutoka kwenye treni ya mchana, alishuka mzee wa Hamburg mwenyewe, amevaa kofia ya majani, uso mwekundu kama nyanya. Yeye ndiye aliyelipia uchapaji. Angeweza kujichukulia nakala kiwandani, hakuna ambaye angejua. Hakuchukua. Alisema toleo la mahali, likichukuliwa nje ya mahali pake, linakuwa karatasi na plastiki.

Shemeji alimfuata kwa macho kutoka stesheni mpaka mlangoni kwangu. "Huyu ndiye wa wimbo mmoja?"

"Ndiye."

"Mwambie asimame kivulini," akasema. "Atatufia hapa."

Mzee alisikiliza wimbo kwenye spika zangu akiwa amefumba macho. "Huo mlio wa chini," akauliza, "ni nini? Kwenye nyimbo ulizonitumia za toleo la dunia haupo."

"Ni moshi. Kwenye toleo la kwetu nimeuacha."

Akatikisa kichwa taratibu, akafungua pochi, akaomba nakala yake. Nikamwambia bado. Hakuna atakayenunua kabla walioniazima hawajapata. Mzee akafunga pochi, na nadhani hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilipakia gari la shemeji, ambaye aliniazima kwa sharti kwamba aendeshe mwenyewe. Mzee alikaa katikati. Kila santuri ya mtu ilikuwa ndani ya jalada lake la zamani, na kando yake, ndani ya jalada hilo hilo, niliingiza mpya.

Kule Bomeni mwenye ndizi alizipokea kwa mikono miwili, akazichungulia, akakuta kilichoongezwa. "Nilikwambia haina ahsante," akasema.

"Si ahsante. Ni chombo."

"Hapo sawa." Akaturushia mkungu mzima wa ndizi nyuma ya gari, akakataa mjadala.

Tuliteremka, tukapanda, tukabisha. Mwatate niligawa uani, kwenye joto, watu wakinusa majalada yao kana kwamba wanahakikisha ni yale yale. Njia ya milimani ilianza kupoa. Nyumba baada ya nyumba maboksi yalipungua, na shemeji, ambaye asubuhi alikuwa anapiga honi tu, sasa alikuwa anashuka na kuwaeleza watu jinsi vioo vile vilivyokatwa.

Wusi tulifika alasiri, ukungu unarudi. Mama alikuwa ameambiwa. Aliweka viti nje, akavaa leso mpya. Nilimpa jalada lake jeusi. Alitoa santuri, akaiweka sawa na macho, akafumba jicho moja kama fundi seremala anayepima ubao.

"Imenyooka," akasema.

"Imenyooka, mama."

"Diploma inajua."

Niliweka pleya ndogo juu ya kigoda na kuicheza ile ya kwake mwenyewe, si mpya. Alisikiliza mikono imelala mapajani. Wajukuu walisogea wakasikia kwamba si ule wa redioni. Mwimbaji alipofika penye mvua, mama alianza kuimba, chini chini, akaingia kwenye ubeti wa mwisho pamoja naye, na hakukatika. Sindano ilifika katikati, santuri ikabaki inazunguka.

"Alikuwa anafika kweli," akasema mama baadaye, si kwa yeyote kati yetu. "Asubuhi. Viatu mkononi, matope mpaka magotini, na bado anaimba."

Kisha akamtazama mzee wa Hamburg, ambaye hakuelewa neno na alikuwa anafuta macho kwa kofia. "Huyu naye mpe yake. Amengoja vya kutosha."

Nilienda garini kumletea. Maboksi yalikuwa wazi, santuri za watu hazimo tena, hata moja. Mimi, mtu waliyesema hataweza, nilisimama pale kwenye ukungu na nakala moja mkononi, sidaiwi na yeyote, na kutoka mlangoni nikasikia mama akisema, "Irudie."